Jani la springi la Canter limekatika: nichomelee au nibadilishe? Mafundi wa chuma njooni

KanterMkokotoni
Assalaam aleikum wakuu.
Nina Canter nabebea mchanga na matofali, Mkokotoni mpaka mjini na mara nyengine Nungwi. Juzi jani kuu la nyuma kushoto, lile lenye masikio mawili, limekatika kati, hapo hapo kwenye tundu la senta bolti. Fundi mmoja ananambia atalichomelea kwa elektrodi ngumu na litakuwa kama halijakatika. Mwengine anasema tukate flatibaa, pande bapa la chuma cha kawaida, la unene ule ule tulikunje, eti chuma ni chuma. Wa tatu anataka niagize springi nzima ya mtumba kutoka Dar. Bei zao zimepishana kama mbingu na ardhi ndio maana nauliza kabla sijatoa pesa. Na hilo jani bovu, mbona naona watu wanaligombania? Lina kazi gani?

YakheWaDarajani
Wa aleikum salaam. Chomelea tu yakhe. Gari ngapi hapa zimechomelewa na zinakwenda? Ila matuta uyapande kwa adabu.

BuyuKavu
Mie naunga mkono flatibaa. Jipya, limenyooka, halina kutu. Ukilishika kwa mkono halikunjiki hata ukalie. Sasa litashindwaje kubeba?

Maalim_Chuma
BuyuKavu, hilo swali lako nimelijibu karakana miaka mingi na bado vijana hawalisadiki mpaka waone kwa macho. Basi fanya hivi. Chukua kipande cha flatibaa na kipande cha jani la springi, upana mmoja, unene mmoja, urefu mmoja. Vikaze vyote kwenye jiriwa, uning'inize uzito mdogo kwenye ncha ya kila kimoja. Vitashuka sawasawa. Watu wengi wanadhani chuma cha springi "kinanesa" zaidi kuliko chuma cha kawaida. Hakinesi zaidi. Ukakamavu wa vyuma vyote hivi, yaani namna vinavyokataa kukunjika, ni karibu gigapaskali 200, ukiwa wa nondo, wa flatibaa au wa springi ya lori. Ukitia moto, ukichovya, ukifanya utakalo, namba hiyo haisogei kwa kiasi cha maana.

Sasa ongeza uzito. Flatibaa litafika kwenye mkazo wa megapaskali 250 hivi, na kuanzia hapo ukiondoa uzito halirudi, limekaa ulivyolikunja. Jani la springi lililotiwa moto vizuri linakwenda mpaka 1,100 au 1,200, mara nyengine zaidi, na bado ukiliachia linarudi pale pale. Tafauti yote iko hapo: vinakunjika sawa, ila kimoja kinasahau njia ya kurudi mapema. Na kwa sababu nishati inayohifadhiwa hupanda kwa mraba wa huo mkazo, jani la springi linaweza kumeza pigo la shimo la barabarani kubwa kama mara ishirini ya lile ambalo flatibaa la ukubwa huo huo linaweza kumeza bila kuharibika.

Kwa hiyo Kanter, flatibaa litabeba gari tupu na utaona fundi ni bingwa. Pakia mchanga, pita barabara mbovu, ukirudi upande mmoja umelala.

BuyuKavu
Sawa Maalim, hesabu nimezisikia. Nitie flatibaa nene mara mbili basi, tumalize ubishi?

Maalim_Chuma
Hapo utakuwa umeharibu zaidi. Ukakamavu wa jani unakwenda na unene mara unene mara unene: unene ukiwa mara mbili, jani linakuwa gumu kukunja mara nane. Gari yako haitakuwa na springi tena, itakuwa gari ya ng'ombe, na pigo lote litakwenda kwenye chesisi, kwenye mbao za bodi na kwenye kiuno chako. La pili, jani nene likikunjwa kiasi kile kile, ngozi yake ya nje inavutika zaidi kuliko ya jani jembamba. Ndio maana watengenezaji wanapanga majani membamba mengi badala ya pande moja nene. Kila jani jembamba linakunjika sana bila kuumia, na yote pamoja yanagawana mzigo. Hata ule msuguano wa jani juu ya jani una faida, unapunguza gari kuruka ruka.

KanterMkokotoni
Maalim ahsante, flatibaa nimeachana nalo. Na kuchomelea? Fundi anasema atalipasha moto kwanza kwa gesi, achomelee, halafu alifukie kwenye mchanga lipoe pole pole.

Maalim_Chuma
Huyo fundi anaijua kazi yake ya kuchomelea, simvunjii heshima. Kupasha moto kabla na kupoza pole pole ndiyo njia ya kuzuia ufa pembeni ya weldi. Tatizo ni kile kinachobaki baada ya hapo.

Kwanza tujue springi inakuwaje springi. Kuna mchanganyiko wenyewe: flatibaa lina kaboni chini ya asilimia 0.25, jani la springi lina kama 0.5 hadi 0.65. Wajapani wana chuma chao SUP9, kaboni kama 0.56, na manganizi na kromi karibu 0.8 kila kimoja. Wamarekani wana 5160, ambacho ni ndugu yake wa karibu sana. Ulaya wana 51CrV4 chenye vanadi kidogo. Kuna na aina ya 9260 yenye silikoni karibu asilimia 2. Lakini ukiwa na mchanganyiko huo peke yake bado huna kitu. Jani linatiwa moto mpaka nyuzi 850 hivi, linachovywa kwenye mafuta, na hapo linakuwa gumu kupita kiasi, ukiliangusha sakafuni linaweza kukatika. Ndipo linarudishwa motoni mara ya pili, moto mdogo, kati ya nyuzi 400 na 500, likae huko. Linapoteza ugumu kidogo na kupata uvumilivu mwingi. Ule moto wa pili ndio springi yenyewe.

Sasa weldi. Pale inapoyeyuka ni zaidi ya nyuzi 1,500. Ukichomelea bila kupasha, kipande cha pembeni kinapanda juu ya 800 kisha kinapozwa ghafla na chuma baridi kilichobaki, kinakuwa kigumu tena bila ule moto wa pili. Kinapasuka, pengine hata gari haijatoka gereji. Ukifanya kama fundi wako, ukapasha na kupoza pole pole, hakipasuki, lakini sehemu nzima ile imelainika imekuwa karibu na flatibaa, na elektrodi uliyojazia si chuma cha springi. Na wewe umekatika wapi? Kati, penye mkunjo mkubwa kuliko pote. Ingebidi jani zima litiwe moto upya, lichovywe, lirudishwe kwa kipimo, na hata hivyo ile weldi isingekuwa sawa na jani.

Kuchomelea gari ifike nyumbani ikiwa tupu, nakuelewa. Kubebea mchanga, hapana. Jani kuu ndilo linaloshika ekseli isihame. Likiachia ukiwa mbioni, ekseli inakaa upande na gari inawafuata watu barazani.

YakheWaDarajani
Maalim, ya ami yangu ilichomelewa na imekwenda mwaka mzima. Unasemaje?

Maalim_Chuma
Nasema alhamdulillah. Na nasema mwambie ami asipakie.
Springi haiwi nzuri wala mbaya siku ya kwanza. Inakunjika na kunyooka mara laki na laki, na ufa unaotembea kwa pole pole haumpigii mtu hodi.

Kanter, nifanyie jambo. Tizama uso wa lile jani pale lilipokatika, usiusugue. Uko rangi moja?

KanterMkokotoni
Nimekwenda kutizama. Si rangi moja. Upande wa juu, kuzunguka tundu, kuna sehemu kama nusu ni kahawia ya kutu, laini laini, ina mistari kama ya maji yalipokupwa. Iliyobaki ni kijivu, inametameta, ina chenga chenga.

Maalim_Chuma
Basi hilo halikukatika juzi. Ile kahawia ni ufa wa zamani, umekuwa ukitembea na huku maji ya chumvi yanaingia na kutoka. Ile kijivu ndiyo iliyokatika juzi, kilikuwa kimebaki kidogo hakikuweza tena. Mafundi wa chuma wanaita uchovu. Mzigo ambao jani lingeubeba mara moja bila wasiwasi, ukirudiwa mara nyingi mno unalimaliza.

Na umeanza upande wa juu kwa sababu jani limekaa kama kicheko, ukipakia linanyooka, na kunyooka kwake kunavuta ngozi ya juu. Ufa hufunguka penye kuvutwa, haufunguki penye kubanwa. Viwandani huupiga ule uso kwa vipunje vya chuma vinavyorushwa kwa kasi ili ngozi ibaki imebanwa, ufa upate tabu kuanza. Mtu akija na grenda akaing'arisha ile ngozi ipendeze, au akaipiga nyundo baridi ikabaki na makovu, ameitoa kinga yote. Vidonda vya kutu ni hivyo hivyo, kila kishimo ni mwanzo wa ufa. Kwetu hapa upepo wa bahari unakula usiku na mchana, na gari za kisiwani zinaoza chini wakati juu rangi bado mpya.

VilimiVyaKodiani
Naingia kidogo japo mie si mtu wa malori. Kazi yangu kutengeneza saa na kodiani za taarabu. Vile vilimi ndani ya kodiani vinavyotoa sauti ni chuma cha springi hicho hicho, vimepigwa ribiti juu ya bati, upepo unavitikisa. Maalim anaposema kutu nacheka kwa uchungu, maana kilimi kikishika kutu kinaongezeka uzito na kinabadilika umbo, na sauti inatoka nje. Nikitaka kupandisha sauti nakwaruza nchani, napunguza uzito. Nikitaka kuishusha nakwaruza karibu na ribiti, nakilegeza. Ukikwaruza kwa kukata kati, kovu lile lile analolisema Maalim, mpigaji atakurudishia kodiani na kilimi kimeanguka ndani.

Na kwa wanaopenda historia: aliyewapa Waingereza chuma kizuri cha springi alikuwa mtengeneza saa, Benjamin Huntsman. Miaka ya 1740 alichoshwa na chuma kisicho sawa, pengine kigumu pengine laini, springi za saa zikimharibikia, akaanza kukiyeyusha kwenye vyungu vya udongo mpaka kikachanganyika chote. Sheffield ikapata jina kwa njia hiyo. Lori zilikuwa bado karne nzima na zaidi.

MamaNguru
Na mie niulize japo naona nyote wanaume wa gereji. Nina mizani ya kuning'iniza ya springi, napimia samaki. Zamani ilikuwa sawa, sasa hata haina kitu mshale hausimami kwenye sufuri, umepita. Wateja wananitizama jicho baya. Ni kutu au ni nini?

Maalim_Chuma
Dada, mizani yako imebebeshwa siku moja kuliko uwezo wake, au imeachwa imening'inia na mzigo muda mrefu. Robert Hooke aliandika kanuni yake mwaka 1678: mvutiko unakwenda sawa na mzigo, kilo mbili mara mbili ya kilo moja. Mizani yote ya springi inasimama juu ya neno hilo. Lakini lina kikomo, ukipita springi hairudi yote. Mshale ukipita sufuri ikiwa tupu, maana yake springi imerefuka. Nyengine zina skrubu ya kurudisha sufuri juu. Irudishe kisha pima kitu unachokijua, mfuko wa sukari wa kilo moja, halafu miwili, halafu mitano. Ikisoma sawa kote endelea nayo. Ikisoma sawa kwa kilo moja na ikadanganya kwa tano, springi imekwisha, tafuta mizani nyengine na uipeleke kukaguliwa.

MamaNguru
Ahsante Maalim. Kuna kijana wangu aliutundika mtungi wa gesi juu yake tuone uzito. Nimeshajua.

MjukuuWaMhunzi
Salaam kutoka Wete. Nijibu lile la kwa nini jani bovu linagombaniwa. Babu yangu ni mhunzi, na anasema tangu gari zilipoingia hajanunua chuma cha kufulia panga. Jani la springi ni chuma kilichochaguliwa na watu wenye akili zao, kimekuja bure mpaka mlangoni. Tunafulia panga, mundu, jembe, patasi, kisu cha kuchunia, ncha ya kifuo cha kufulia nazi, tezo. Fuawe letu lenyewe ni kipande cha ekseli ya lori kimesimamishwa kwenye gogo la mwembe. Makaa ni ya vifuu, na mivukuto siku hizi imepumzika, tunatumia feni ya hita ya gari na betri kongwe.

Jani likija linatiwa moto mwekundu na kufukiwa kwenye jivu mpaka kesho yake. Linalainika, linakubali msumeno na kekee. Halafu linafuliwa likiwa rangi ya chungwa. Babu anagomba sana ukilipiga limeshaingia wekundu wa giza, kwa sababu hapo linapasuka ndani kwa ndani na utajua baadae likishakuwa panga la watu. Likishapata umbo linatiwa moto na kuachwa lipoe hewani, mara mbili au tatu, chuma kitulie.

Kutia ugumu tunatumia sumaku. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Unakiongeza moto kidogo zaidi ya hapo, makali yote yawe rangi moja, unakichovya kwenye mafuta. Mafuta ya kupikia yaliyotumika yanatosha, uyapashe kwanza yawe vuguvugu ya kuweza kutia kidole. Ndoo ya bati yenye kifuniko, si ya plastiki, maana moto huwaka juu. Oili chafu ya gari nayo inafanya kazi lakini moshi wake ni sumu, babu ameikataza.

BuyuKavu
Mjukuu, wazee wetu walichovya kwenye maji, tena maji ya bahari. Mafuta ya kupikia yametoka wapi? Huu ni uhunzi au uvivu?

MjukuuWaMhunzi
Nimemsomea babu, amecheka sana. Anasema yeye mwenyewe amechovya maji ya bahari, lakini chuma kilikuwa chengine: tupa kongwe, chuma chenye kaboni tu bila kromi. Kile kinataka kupozwa haraka sana ama hakishiki ugumu, na maji ya chumvi yanapoza haraka kuliko maji matamu. Jani la springi lina kromi na manganizi, linashika ugumu mpaka ndani kwa upole wa mafuta. Ukilitia majini makali membamba yanapasuka, unasikia "tik" ndani ya ndoo. Anasema ile "tik" ndiyo iliyomfundisha, hakufundishwa na mtu.

Maalim_Chuma
Mfikishie babu salamu zangu. Maelezo hayo yangefaa yabandikwe ukutani karakana.

SeremalaWaNungwi
Mjukuu, nimefurahi nimekupata. Sie tunachonga ngalawa na mashua, nina tezo mbili za chuma cha springi, kila moja na ila yake. Moja inamegeka makali kila ikikutana na fundo la mvule. Ya pili inalala, makali yanakunjika, nanoa asubuhi na adhuhuri. Mafundi wawili tafauti waliofua. Kosa liko wapi?

MjukuuWaMhunzi
Inayomegeka haikurudishwa motoni baada ya mafuta, au ilirudishwa kidogo mno. Baada ya kuchovya, ung'arishe makali kwa jiwe mpaka chuma kiwe cheupe, halafu upashe kutokea mgongoni, moto mdogo, huku unatizama rangi inakimbia. Inakuja manjano hafifu, manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa tezo babu anasimamisha kwenye manjano iliyokolea inayoelekea kahawia, anazima. Mwenye tanuri ya jikoni na atie nyuzi 220 hadi 240, saa nzima, mara mbili. Kwa makali hiyo ni afadhali kuliko macho yetu.

Inayolala, nakuuliza wewe: unainoa kwa grenda?

SeremalaWaNungwi
Kwa grenda, ndio. Inawahi.

MjukuuWaMhunzi
Na makali hugeuka buluu?

SeremalaWaNungwi
Hugeuka kidogo. Nikidhani ni joto tu litapita.

MjukuuWaMhunzi
Joto linapita, ugumu umeshaondoka nao. Buluu ni kama nyuzi 300, ushairejesha kupita kiasi pale pale kwenye makali. Sugua kwa tupa au jiwe la maji mpaka umeitoa sehemu ile yote, huenda ndani kuna chuma kizima. Tupa ikiteleza, chuma bado kigumu. Ikishika na kuuma, kimelainika, ilete Wete tuitie moto upya. Na grenda ukiitumia, gusa, chovya maji, gusa, chovya maji, mkono wako ukishindwa kuvumilia joto na tezo nayo imeshindwa.

PwaniMchangani
Wakuu, kwa nini wasitengeneze springi za stenlesi tukamaliza habari ya kutu? Na huku nimeona vijana wanaosha springi kongwe kwa asidi ya betri zinatoka nyeupe kabisa, ni sawa?

Maalim_Chuma
Springi za stenlesi zipo, aina kama 301 na 302 zinazopata nguvu kwa kuvutwa na kukandamizwa zikiwa baridi, na 17-7PH kwa kazi za ndege. Kwa waya mwembamba na bati jembamba zinafaa sana, kwenye boti utaziona. Kwa jani la lori lenye unene wa sentimita na zaidi, kulikandamiza baridi mpaka lipate nguvu hiyo ni shughuli nyengine, na bei yake utaacha biashara ya mchanga. Stenlesi ya kawaida ya masinki na mageti haina nguvu ya springi, mtu asikuuzie.

Asidi, waambie waache leo. Asidi ikimaliza kutu inakula chuma chenyewe na kutoa haidrojeni, na haidrojeni inapenya ndani ya chuma kigumu. Jani linatoka jeupe linapendeza, unalifunga, linakatika ghafla hata hujapakia mzigo wa haja. Chuma laini hakidhuriki sana kwa hilo, ndio maana wanaona kwenye geti haina neno. Brashi ya waya, mafuta, rangi, basi.

YakheWaDarajani
Uzi huu umenifanya niende kutizama chini ya gari ya ami. Sijapenda nilichokiona.

KanterMkokotoni
Wakuu nimekubali, naagiza springi ya mtumba, pande zote mbili. Nikifika bandarini nitazijuaje nzima? Na lile jani, Seremala na Mjukuu nyote mmeniandikia kwa faragha. Kipande kirefu nampa Seremala maana yuko njiani kwangu, kifupi kitakwenda Wete na meli, mtapatana wenyewe nani anafua.

Maalim_Chuma
Simamisha springi mbili ubavu kwa ubavu chini, zilinganishe upinde. Iliyolala kuliko mwenzake imechoka, iache. Usikubali zilizopashwa gesi ili zirudi upinde: utaona doa la buluu au kijivu kama lililoungua rangi, hapo moto wa pili umeharibiwa. Uliza zifunguliwe, usinunue fungu lililofungwa. Kila jani sugua kwa brashi upande wa juu, khasa kuzunguka tundu na kwenye shingo ya masikio. Pakaa mafuta ya taa, yafute yakauke, halafu nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi nje yachore mstari kwenye chaki. Ukiona mstari, hata mwembamba kama unywele, rudisha.

Na usimruhusu mtu kuongeza jani la ziada bila kupima. Ukiongeza, gari inakuwa ngumu, na wewe utaona raha uongeze mzigo, kisha utakuja kuniuliza habari za ekseli.

KanterMkokotoni
Zimefika, nimezipima kwa chaki, moja nimeikataa wamenibadilishia. Wakati wa kufungua ile kongwe kijana wa gereji akanionesha kitu: yu-bolti, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, za upande uliokatika zilikuwa zinazunguka kwa mkono. Upande wa kulia zimekaza. Inahusiana?

Maalim_Chuma
Hiyo ndiyo sababu yako, tena ungeanza nayo tungefupisha maneno. Yu-bolti zikikaza, zile sentimita kadhaa za katikati zinabanwa na kiti cha ekseli hazikunjiki hata kidogo, mkunjo unaanzia nje ya tundu. Zikilegea, kati kunakunjika na tundu linabeba kazi ambayo halikuumbiwa, ufa unaanza ukingoni mwa tundu. Usizirudishe zile kongwe, zimeshavutika na nyuzi zake zimechoka, nunua mpya na nati mpya. Kaza gari ikiwa chini imekanyaga magurudumu yake, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa mkingamo, kidogo kidogo. Pakia safari moja ya kawaida halafu urudi uzikaze tena, maana majani mapya yanajipanga na rangi inabanwa. Kila ukibadili oili, tia spana pale pia.

KanterMkokotoni
Nimenunua mpya nne. Kipimo cha kukazia kimo kwenye kitabu cha gari lakini gereji hawana spana ya kipimo. Nani anayo huku kaskazini?

SeremalaWaNungwi
Gereji ya maboti huku kwetu wanayo, wanakazia vichwa vya injini. Njoo nayo asubuhi, na jani langu usilisahau.